Sahani Chini ya Kichuguu

Wa kwanza kuisikia harufu alikuwa Mujinga, mwenye gari. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi, na kiangazi kilikuwa kimekausha mtaa mzima uitwao Kenya. Akamuuliza Zakari, dereva wake, amebeba nini ndani ya gari. Zakari akaapa hajabeba kitu.

Idriss, mpiga picha, alikuwapo na alijua. Akainamia kamera yake kama anaifuta vumbi.

Yeye ndiye aliyelipeleka gari lile njia ya Luano, nje ya mji, alipige picha za kuvutia watu wa kulikodi kwa harusi. Kazi yake aliijua. Gari halipigwi picha umesimama wima. Unashuka hadi usawa wa taa, unalitazama kwa pembeni ili uso na ubavu vionekane pamoja, magurudumu ya mbele unayakunja kidogo, na nyuma yake huachi takataka. Takataka ya siku ile ilikuwa sahani nyeupe yenye unga, chini ya kichuguu kirefu kuliko nyumba. Aliipiga teke. Kisha akapanda kichuguu chenyewe, apate picha ya kutoka juu.

Picha zilipendeza. Gari likarudi na harufu.

Baadaye udongo mwekundu ukawa unakutwa juu ya viti, na milango imefungwa. Mujinga akasema Zakari anabeba maiti kwa siri. Watu wa soko waliosikia wakamvua shati, wakampekua. Idriss akatazama tu, maana angesemaje, mtu mzima, kwamba alipiga teke chakula cha wenyewe, majini wa kichuguu?

Mujinga akataka picha mpya. Mchana, jua likiwaka, Idriss akalala kifudifudi kutafuta pembe ya chini kabisa, na katikati ya magurudumu, upande wa pili wa gari, akaona mtu amelala kifudifudi kama yeye, uso mwekundu usio na nyusi, mashavu yakimomonyoka, jicho moja limefumbwa na jingine linamtazama kama linampima, na kila alipojivuta nyuma yule alijivuta mbele, mpaka pumzi ya udongo mbichi ikamjaa kinywani.

“Mi nitakula nini?” kiumbe kile kikanong'ona.

Akakimbilia kwa shangazi yake, tantine Nafisa, mganga wa majini, akamweleza yote.

“Ubani iko,” Nafisa akasema polepole. “Lakini weye unajificha nyuma ya Zakari. Utasema mbele yake.”

Wakaenda na gari kwenye kichuguu, wote wanne, Mujinga na Zakari wakiwamo. Idriss akaweka sahani mpya ya unga, akapiga magoti, akasema alivyoipiga teke ile ya kwanza. Nafisa akafukiza gari, akasoma. Milango minne ikafunguka yenyewe kwa pamoja. Upepo mzito ukawapita miguuni, ukazama kichuguuni. Harufu ikaisha.

Mujinga akamwomba Zakari msamaha, naye akaupokea. Idriss akanyoosha mkono. Zakari hakuushika.

“Ile siku banatosha shati yangu mwilini,” akasema kwa sauti ya chini, “nilikuangaria weye tu. Nilisema, Idriss ananijua, atasema.”

Akashika njia ya mjini kwa miguu. Idriss akabaki amepiga magoti, asijue akiinuka atamtazama nani.