Popote Alipo

Mwaka 1996 redio za kaseti kutoka ng'ambo zilijaa mpaka vibandani, na kila moja ilikuwa na FM ambayo watu wa Nzuguni hawakujua waifanyie nini. Ukiifungua, mvumo mtupu. Harithi Mrisho, fundi redio, alikerwa na mvumo ule. Akanunua karatasi ya masomo ya elektroniki kwa wauza vitabu chakavu, akaanza kutengeneza mtambo wake mwenyewe wa kurushia sauti.

Mtambo, jina tu. Kilikuwa kidude cha kuenea kiganjani: transista moja, koili ya waya wa shaba aliyoizungusha kwenye mrija wa kalamu, maikrofoni aliyoing'oa kwenye redio mbovu, na betri moja. Karatasi ilisema kitafika hatua hamsini, tena ukiwa na bahati.

Jumatano mchana akamwita mkewe, Stara.

"Wewe kaa jikoni na redio. Ukinisikia, gonga sufuria. Nikisikia sufuria, naacha."

Akaenda nyuma ya nyumba. Stara akakaa kwenye kigoda, anachambua mlenda, sufuria tupu iko miguuni. Moja, mbili, tatu, alihesabu Harithi huko nje. Redio ikavuma tu. Akaivutavuta koili kwa ukucha, akahesabu tena. Wapi! Jua kali, jasho linamtiririka, na Harithi alikuwa mtu wa mzaha tangu kuzaliwa. Akachoka kuhesabu, akaigiza kitu ambacho kila mtu alikijua kwa ghibu: matangazo ya vifo ya mchana. Kumtangazia mtu mwingine kifo aliona ni uchuro, basi akajitaja mwenyewe.

Hapo ndipo redio ya jikoni ilipoinasa sauti yake.

"Bwana Swedi Mrisho wa Tabora anasikitika kutangaza kifo cha mdogo wake, Harithi Mrisho, kilichotokea ghafla nyumbani kwake Nzuguni, Dodoma. Mazishi ni Ijumaa, saa kumi jioni. Habari ziwafikie Bi Joha wa Kondoa na Bwana Shaaban wa Ihumwa..."

Ilikuwa sauti ileile ya kitangazaji, nzito, ya kubana pua. Stara alicheka mpaka machozi. Mwiko ulikuwa mkononi, sufuria iko pale, naye kicheko kilimzidi. Hakugonga.

Harithi akaingia, nyaya zinaning'inia, betri kaichomoa, kaishika pembeni.

"Mbona hugongi?"

Stara akafungua mdomo amjibu. Redio ikamtangulia.

"...na binti wa marehemu, Salwa Harithi, popote alipo."

Ilikuwa sauti ya Harithi. Na Harithi alikuwa amesimama mbele yake, mdomo umefumba.

Miaka sita ya ndoa, hawakuwa na mtoto.

Jioni ile Harithi akakifumua kidude chote, kila kipande akakitia kwenye kopo. Hakutaka kulizungumza. Lakini Alhamisi, saa saba na nusu, redio ikakohoa kidogo, ikasoma tangazo zima tangu mwanzo. Kopo lilikuwa dirishani na vipande vyote ndani.

Harithi akalichukua kopo. Akakiunga upya palepale, akakimbilia nyuma ya nyumba kukanusha. Stara akajibandika kwenye redio, mwiko kauinua juu ya sufuria. Alimsikia kupitia dirishani tu.

"Mimi Harithi ni mzima! Ulikuwa utani! Ni mzima!"

Redioni, mvumo. Stara aliomba apate hata neno moja, hata herufi. Angetoa chochote apate kugonga ile sufuria. Harithi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akarudi ndani anasema kwa kunong'ona.

Magharibi mlango ukabishwa. Alikuwa binamu yake, Shaaban wa Ihumwa, kofia mkononi, nusu gunia la unga begani. Alipomwona Harithi unga ulimwanguka.

"Nimesikia redioni," alisema.

Kile kidude kisingefika hata kwa jirani wa tatu.

Ijumaa asubuhi akaja shangazi Joha kutoka Kondoa, macho yamevimba. Baada yake kaka Swedi, aliyeshuka kwenye treni ya Tabora.

"Nimesikia redioni inatangazwa kwa jina langu," alisema, "na mimi sijatangaza kitu!"

Wakamkumbatia Harithi, wakamfinya mashavu, wakacheka kicheko cha watu waliotoka msibani. Kuku akachinjwa. Shangazi akamvuta Stara kando.

"Mwanangu, na huyo Salwa ni nani?"

 Stara alikuwa anahesabu waliotajwa. Swedi kafika. Joha kafika. Shaaban kafika. Akili yake ikashika jambo moja tu: watu hawa wakiondoka, maziko hayatakuwapo.

"Ondokeni," alisema. "Shikamooni, nisameheni, lakini ondokeni sasa hivi."

Shangazi Joha akashika kifua. Swedi akakunja uso. Mke kufukuza wakwe, na kuku yuko jikoni!

"Stara," alinong'ona Harithi, "usinitie aibu mbele ya ndugu zangu."

Hakuna aliyeondoka. Saa nane Harithi akasema ajinyooshe kidogo mkekani. Saa nane na robo shangazi alimpelekea chai, akatoka nayo vilevile, kajifunika kanga usoni.

Stara aliikamata sufuria. Aliigonga kwa mwiko, akaigonga, mpaka mwiko ukavunjika.

"Nimekusikia! Harithi, nimekusikia! Acha! Acha!"

Wanawake wakamshika mikono. Hakukuwa na mtu wa kuitwa wala wa kusubiriwa, wote walikuwa wameshafika. Saa kumi, akazikwa.

Mimba ilijitokeza Stara alipokuwa edani. Akazaa binti, akampa jina la Joha. Alifanya makusudi. Lile jina jingine hakulitamka, na shangazi naye aliapa kulimeza. Redio ilikwisha kuuzwa, kopo likatupwa chooni.

Mtoto alichelewa kusema. Alikuwa na miaka miwili na miezi jirani Lydia alipompakata, akamuuliza kama watoto wanavyoulizwa:

"Mrembo, unaitwa nani?"

"Salwa," alisema mtoto.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Stara amemfunga uzi mwekundu kifundoni, na mwisho mwingine wa uzi anautia kidoleni kwake, mchana kutwa, hata anapopika. Watu humcheka. Wao hawakusikia tangazo lilivyoishia. Kila ndugu alitajwa na mahali anapokaa. Mtoto peke yake ndiye ambaye hakutajiwa mahali, ila popote alipo.

Na ukimwita Joha, hageuki.