Mgongo wa Ottilie

Baridi ilianzia miguuni. Ottilie, mke wa mchoraji Gotthelf, alivaa jozi mbili za soksi za sufu, akakaa ubavuni mwa jiko, na bado vidole vikabaki vya maiti. Mumewe alimtania kwamba ameoa chura.

Wiki hiyo alikuwa amemchora. Picha yake kubwa ya Milima ya Majitu ilikosa kitu, na kila mchoraji wa Dresden aliijua dawa: weka mtu mdogo ukingoni, atupe mgongo, ndipo ukubwa wa mlima uonekane. Akamsimamisha mkewe, akamchora hatua tatu kutoka ukingo wa genge la mlima.

Jumatatu chumba cha kuchorea kilinuka theluji na mawe mabichi, na ilikuwa Juni. Pichani zilibaki hatua mbili. Gotthelf akayalaumu macho yake. Jumatano ilibaki moja, na rangi ilikuwa imekauka zamani, na nyuma ya turubai upepo ulivuma polepole kama mtu anayesubiri bila haraka, na kule sebuleni Ottilie, midomo imeshageuka buluu, alikuwa akiuliza ni nani huyo anayemwita kwa jina tangu alfajiri.

Gotthelf aliogopa, akaogopa kweli. Akamkimbilia sokoni Rosina, mwanamke wa milimani aliyeuza mizizi na dawa, akaja naye nyumbani. Bibi huyo aliitazama picha mara moja tu, akajifunika uso kwa shali.

"Watu wa mjini nyie," alinong'ona. "Mtu akiwapa nyie mgongo, uso kampa nani? Mwenye mlima anajua kaletewa zawadi."

"Nimfute, bibi?"

"Ukimfuta hapo, umemfuta na huku. Yule harudishi kitu bure. Labda apate mwingine, tena aliyeridhia mwenyewe."

Gotthelf hakubishana. Alishika brashi mchana kutwa. Juu ya gauni akachora koti lake mwenyewe, juu ya nywele kofia yake. Ottilie akavua soksi, akaomba supu ya viazi, akala mabakuli mawili. Rosina akaondoka bila kuaga.

Asubuhi Ottilie alimkuta mumewe amesimama jikoni katikati, kaelekea dirisha. Akamkumbatia kwa nyuma. Koti lilikuwa limelowa.

"Geuka basi, mume wangu, nikuone."

"Naja," sauti ilitoka mbali sana.

Ottilie akacheka kidogo, akamzunguka amtazame usoni. Upande wa pili nao ulikuwa mgongo.