Pengo la Namba 417

Printa ilianza kutoa karatasi saa sita mchana, jenereta ikiwa imezimwa. Virginie, karani wa hospitali moja ya mtaa wa Kimemi, alidhani masikio yanamdanganya. Ilikuwa mwaka 2002, vita vilikuwa vimeuchosha mji wa Butembo, na akili ya mtu nayo huchoka. Akaivuta karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja tu: 417. Hiyo ilikuwa namba ya Bénie, mwanawe wa miezi tisa, aliyekuwa mgongoni mwake.

Wafadhili walioleta kompyuta walitaka fishi zote, zile kadi za wagonjwa, ziingizwe, namba zifuatane bila pengo. Lakini fishi za waliokufa, mzee Kasonia, mtunza makabati, alikuwa amezifunga kwa kamba ya mgomba, na zikishafungwa hazifunguliwi tena. Virginie akaziruka. Haraka haraka haina baraka: mapengo yaliyobaki akayajaza kwa majina ya walio hai, na moja akampa mwanawe.

Sasa ilikuwa siku ya nne Bénie hataki titi wala halii. Mwili wake ulikuwa baridi, na mdomo wake ulinuka udongo mbichi.

“Papa Kasonia,” Virginie alimnong'oneza mzee aliyekuwa kwenye makabati, “417 ilikuwa ya nani?”

Mzee alifunga mlango wa kabati. “Ya mwanamuke moja wa Oicha. Alikuya na risasi mu tumbo, na mimba ya miezi kenda. Alikufa mu couloir, ile njia ya katikati ya vyumba, tulikuwa tungali tunamutafutia kitanda.” Akamtazama mtoto. “Uliweka mutu mu fasi yake? Lakini Mama Virginie, ile fasi iko na mwenyewe.”

“Nitafuta jina.”

“Ukifuta, itabakia shimo. Na ule mwanamuke amekwisha kuzoea mutoto.”

Virginie aliogopa, lakini aliwasha jenereta. Alifuta jina la Bénie, likarudi; akafuta tena, likarudi, na safari hii kwenye safu ya kutoka hospitalini herufi zikaanza kujiandika zenyewe, d, kisha é, kisha c, mwanzo wa décédé, yaani amekufa, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, huku harufu ya udongo ikijaa chumbani, na nyuma ya kabati sauti ya mwanamke ikiimba kwa Kinande wimbo wa kulaza watoto, na Bénie, ambaye siku nne hakutoa hata mguno, akageuza shingo kuelekea kule akacheka.

Virginie hakufuta tena. Juu ya jina la mwanawe aliandika lake mwenyewe.

Wimbo ukakatika. Bénie akaangua kilio cha njaa, akalishika titi kwa mikono miwili, na mama yake akalia kwa furaha.

Printa ikatoa karatasi nyingine. Kasonia aliisoma, akaikunja, akatoa kamba ya mgomba mfukoni na kuanza kuifunga.

“Umeona nini, Papa?”

“Nyonyesha mutoto, Mama,” alisema mzee bila kuinua macho. “Mupe maziwa mingi.”