Chuma Kilichozama Chenyewe

Mume wangu ni seremala, na mlango wetu wa nyuma ulikuwa unakwama. Mwaka wa kwanza aliupiga randa. Mwaka wa pili akaupiga tena. Mvua za mwaka wa tatu zilipoanza, alishika randa kabla hajanywa chai.

"Mbao inanyonya maji," alisema.

"Mbao gani hii isiyoshiba?" nikamuuliza.

Mume wangu ukimchokoza kuhusu mbao, hununa mpaka mchana.

Juu ya mlango kulikuwa na ufa. Aliuziba kwa saruji, akajisifu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Baada ya wiki mbili ufa ulirudi. Sasa kidole kiliingia.

Nyumba yetu iko juu ya mteremko. Mbele kuna barabara. Nyuma ardhi inashuka hadi kijitoni. Mwezi ule mume wangu alikuwa anachimba msingi huko nyuma. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, na alikuwa anakuja kuishi nasi. Mume wangu alitaka kumjengea chumba cha utulivu, mbali na kelele za magari. Nampenda mama mkwe wangu, sikuwa na neno. Lakini ule ufa ulininyima raha.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja wangu mmoja hupima udongo kabla barabara hazijajengwa. Mtaa mzima unamwita Bi Nyundo. Alipokuja kuchukua suruali zake, nilimwonyesha ufa. Alitazama mlango, kisha akatoka akatazama miti ya mteremkoni. Yote ilikuwa imeinama.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "mlango wako hauna kosa. Nyumba ndiyo inayopinda."

"Nyumba hii nimeijenga kwa timazi, kuta zote wima."

"Najua. Lakini ardhi haina habari na timazi yako. Niruhusu nipime kesho."

"Upime nini? Nimechimba mwenyewe. Udongo mgumu, sululu inadunda."

"Huo ni wa juu. Tusiutazame usoni tu, tuuulize na tumboni."

Kesho yake alileta chuma kirefu chenye ncha, chenye alama kila sentimita kumi. Nyundo nzito ilipanda na kushuka juu yake.

"Inua hadi mwisho, achia," alisema. "Hesabu mapigo ya kila alama. Mapigo mengi, udongo mgumu. Machache, udongo laini."

Mume wangu alianza ndani ya msingi wake, kwa mbwembwe. Kumi na nne. Kumi na sita. Akanitazama, kama kusema, umeona? Tukaunga chuma cha pili, kisha cha tatu. Karibu na mita tatu mapigo yakawa manne. Kisha mawili. Kisha chuma kikazama chenyewe, kwa uzito wa nyundo tu.

Bi Nyundo akatoboa shimo kando kwa chombo kama keekee ya seremala, ila kikubwa. Kilitoka na udongo wa kijivu, unaoteleza kama sabuni. Shimoni akasimamisha bomba lenye matundu madogo. Baada ya siku mbili za mvua alirudi akateremsha utepe wa kupimia. Maji yalikuwa mita moja tu kutoka juu.

"Maji yanashuka, yanafika kwenye udongo huu wa kijivu, hayapiti," alieleza. "Yanajaa. Udongo wa juu unakosa mshiko, unaanza kuteleza. Ukiongeza chumba, unauongezea mzigo. Na haya maji ya paa na ya kufulia, nani anayamwaga huku?"

"Mimi," nikasema. Niliona aibu.

Tulipima na upande wa barabara. Mapigo hamsini, chuma hakikusogea.

"Mwamba," alisema. "Mama akae hapa."

"Mama yangu alale barabarani, apigiwe honi usiku kucha?" Mume wangu alikasirika kweli.

Mama mkwe alipofika, alisikiliza yote akiwa amekaa kitini.

"Mwanangu," alisema, "honi nitazizoea."

Basi. Alijengewa chumba mbele. Watoto wetu, waliokuwa wakilala chumba cha nyuma, tuliwahamishia mbele. Tuliweka mabomba ya kupeleka maji ya paa na ya kufulia mpaka kwenye mfereji wa barabara. Bi Nyundo alituonya sisi na majirani: ukiona ufa mpya ardhini, au maji yanabubujika mteremkoni, toka, usisubiri kupima.

Mvua kubwa ilikuja mwaka uliofuata. Ilinyesha siku nne. Siku ya tano asubuhi nikaona maji ya matope yakitoka mteremkoni. Sote tulivuka barabara, tukawaita na majirani. Kabla ya adhuhuri mteremko ukaondoka. Ulichukua msingi, chumba cha nyuma na mlango wake. Mbele, hata kioo hakikuvunjika.

Wataalamu wa ardhi walipokagua na kuturuhusu tusogee, mama mkwe aliegemea bega la mwanawe.

"Kitanda changu kingekuwa wapi?" aliuliza.

Mume wangu alinyoosha mkono kuelekea kijitoni, kwenye rundo la matope.

"Kule, mama," alisema, akaanza kulia.