Kadi Yenye Feni Tatu

Wakati wa likizo ya kiangazi, siku yangu ilianza pale ya Baba ilipokwisha. Baba alikuwa dereva wa teksi wa zamu ya usiku mjini Taipei. Saa mbili asubuhi aliingia na maziwa ya soya na chapati za mayai, tukala pamoja tukipiga soga, kisha akaenda kulala hadi saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa kazini mchana kutwa. Kati ya kitanda cha Baba na meza yangu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu.

Mjomba Kuo-hao, alipohamia kusini, aliniachia kompyuta yake ya michezo. Si mchezo ile kompyuta: ilipoozwa kwa maji yaliyozunguka ndani ya mabomba membamba, yakisukumwa na pampu ndogo isiyosikika. Ilikosa kitu kimoja, kadi ya michoro, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Mjomba aliing'oa akaondoka nayo. Mama akakubali nitumie pesa ambazo ndugu hunipa kwenye bahasha nyekundu kila mwaka mpya, na ambazo alinitunzia miaka yote.

"Chagua mwenyewe, A-Ning," Baba alisema. "Mimi hata rimoti ya televisheni hunishinda."

Nilikwenda soko la kompyuta na Szu-yuan, mwenzangu wa darasani, mvulana ambaye mdomo wake haupumziki. Bi Liao, mwenye duka, aliweka kadi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi tii, haina feni wala taa, imefunikwa bamba zito la kupitisha maji.

"Hii itaungwa kwenye maji ya mjomba wako," alisema. "Hii ya pili ina nguvu zaidi kidogo, lakini hakuna aliyeitengenezea bamba la maji. Itabaki na feni zake tatu, na feni hizo zina kelele."

Ile ya pili ilikuwa ikiwaka rangi zote. Szu-yuan akanigusa kwa kiwiko. "Usiniambie unachukua hiyo nyeusi. Hiyo ni ya karani wa posta."

Bi Liao hakumjali. Aliniuliza, "Nyumbani kuna mtu anayelala mchana?"

Jibu nililijua vizuri, nisiwafiche. Lakini macho yangu yalikuwa yameganda kwenye zile taa. "Hakuna," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Basi nikainunua ile yenye taa. Mchezo ulipochangamka, feni zilinguruma kama mashine ya kusaga, ila mimi nilikuwa nimevaa hedifoni, sikusikia kitu. Kesho yake nilimuuliza Baba kama kelele zinamsumbua. "Kelele gani?" akasema. "Mimi nikilala nimelala." Nikamwamini haraka, kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Siku zikapita. Baba alianza kusinzia akiwa bado na chakula mdomoni. Siku ya tano alirudi na kioo cha pembeni cha teksi kimevunjika. "Nguzo ilinisogelea," alisema, na mimi nikacheka. Kisha nikaona anavyomimina maziwa ya soya nje ya kikombe, nikaacha kucheka.

Siku ya sita, saa kumi alasiri, ulisikika mtaani muziki wa gari la taka, ule unaotuita tushushe taka zetu. Nilikamata mifuko nikateremka ngazi mbio pamoja na majirani, kila mtu na taka zake. Nilipomaliza kutupa, niliona teksi yetu ya njano imeegeshwa chini ya barabara ya juu. Dirishani palining'inia taulo. Ndani alikuwa Baba, ambaye nilidhani yuko kitandani. Alikuwa amejikunja kwenye kiti kilicholazwa, mto wa kitandani chini ya kichwa, shati limelowa chapachapa. Pikipiki zilikuwa zikipita pembeni yake zikipiga honi, na joto la Agosti kwetu Taipei ni kali.

"Baba," nikamwita.

Alishtuka, akaona haya kama mtoto aliyefumaniwa. "Nilishuka kuangalia tairi tu."

"Unaangalia tairi ukiwa na mto?"

Akautazama mto wake, akausukuma nyuma ya kiti.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakusikia unavyocheka na wenzako. Nikasema, acha mwanangu afurahi."

Nililia pale pale, mbele ya majirani. Nikamweleza swali la Bi Liao na jibu langu. Hakunigombeza. Alilichukua lile taulo, akanifuta uso, kisha akajifuta wake.

"Basi nyumbani kwetu kuna waongo wawili," alisema. "Wewe ulianza, mimi nikakusaidia. Usiku wa juzi nilikuwa na abiria nyuma, mama na mtoto, macho yakajifumba. Ile nguzo tuliikosa kidogo tu, A-Ning. Ilichukua kioo, ikatuachia roho zetu."

Kesho yake tuliipakia kompyuta kwenye teksi tukaenda dukani. Mimi ndiye niliyetangulia kusema. "Bi Liao, siku ile nilikudanganya. Baba yangu hulala mchana."

Bi Liao aliyatazama macho mekundu ya Baba, akaitazama kadi, akakubali kutubadilishia. Aliyamwaga maji, akaifunga ile nyeusi na kuunga mabomba yake, huku akizungumza bila kuinua kichwa.

"Watu hudhani nauliza maswali kwa umbea. Kadi nazijua zote, lakini nyumba yako siijui, wewe ndiye wa kunionyesha. Ukinificha ukweli, nitakuuzia kitu kizuri kitakachomuumiza mtu wako mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuuliza, jibu kama ilivyo, hata kama jibu litakukosesha unachokitamani." Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe kaka, mtoto hawezi kurekebisha asichoambiwa."

"Nimekuelewa, dada," Baba akajibu kwa upole.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikicheza mtandaoni na Szu-yuan, kila mmoja kwao. Katikati ya mapambano nikatoa sikio moja kwenye hedifoni, nikasikiliza. Kompyuta ilikuwa kimya kabisa. Kutoka upande wa pili wa ukuta ulikuja mkoromo mnene, wa kukwaruza, wa mtu aliyelala kikwelikweli.

"Kelele gani hizo huko kwenu?" Szu-yuan akauliza kwenye hedifoni.

"Baba yangu amelala," nikamwambia, na nikapunguza sauti yangu.