Kisanduku Kilichoita Hasib

Kabla mtu yeyote hajaingiza neno la siri, tayari kulikuwa na mmoja ndani ya waifai ya Rukija.

Aliyeona kwanza ni Dario, fundi wa kampuni ya simu. Alikuwa amepiga magoti sebuleni, kompyuta iko juu ya zulia, waya umepitishwa dirishani, na kile kisanduku cheupe kinapepesa taa zake za kijani juu ya kabati. Akakunja uso.

"Mama, jirani yako ana neno lako la siri?"

"Nimelitunga sasa hivi mbele yako. Atalipata wapi, kwa kunusa?"

"Basi kuna kifaa kimeshajiunga. Hakina jina." Akabonyeza, akakitoa. Kikarudi. Akakitoa tena, kikarudi kabla hata hajainua kidole. "Aa, mitambo hii nayo! Itatulia yenyewe."

"Isipotulia nakuita uje uitulize wewe," alisema Rukija, akamsogezea kikombe cha pili cha kahawa, maana kwetu Jajce, huku Bosnia, fundi haondoki na kimoja. Kisha akachukua kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa sindano ya ndoano, akakifunika kisanduku vizuri, pembe moja ikining'inia kwa mbele.

"Mama, usikifunike, kinahitaji hewa!"

"Televisheni nimeifunika tangu hujazaliwa na haijafa. Kunywa kahawa yako."

Kosa halikuwa kitambaa, ingawa Dario mpaka leo anashikilia hivyo. Kosa lilifanyika mapema kidogo, na lilifanyika kwa mapenzi. Fundi alimuuliza mtandao uitwe nani, kwa kuwa kila mtandao una jina lake linalosomeka kwenye simu za watu. Rukija hakuwaza mara mbili. Alisema, "Uite jina la mwenye nyumba. Hasib."

Hasib ni mumewe, na yuko makaburini pale mlimani. Lakini kibao cha shaba mlangoni bado kina jina lake, na mtaani kwetu hakuna mjane anayekitoa kibao cha mume. Kwa hiyo Rukija aliona ni sawa kabisa. Dario, mtoto wa juzi asiyejua lolote, akaandika HASIB, akabonyeza, akasema, "Tayari. Sasa kinajitangaza."

"Kinafanyaje?"

"Kinaita jina lake, mama. Mchana na usiku, bila kupumzika, ili simu zilizo karibu zikisikie."

Rukija alilipenda hilo, Mungu amsamehe. Alilipenda mno. Nyumba ilikuwa imekaa kimya tangu mazishi, na sasa kulikuwa na kitu humo ndani kinachomtaja Hasib saa zote.

Isingekuwa mwanawe asingeingiza mtandao kabisa. Nedim anafanya kazi Stuttgart, Ujerumani, na kila simu yake ilikuwa ugomvi. "Mama, ama nikuone kila siku kwenye video, ama nakuja kukuchukua na nyumba tunaiuza. Mnunuzi yupo." Naye Rukija akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa mwokaji mikate: "Nyumba aliyoijenga baba yako kwa mikono yake? Humu mimi natoka nimebebwa!" Lakini alimjua mwanawe. Kwa ubishi wamefanana mno, na akisema anakuja, anakuja. Kisanduku kile ndicho kilichokuwa kinga yake.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nedim alimwona mama yake, akaona jiko linawaka, akaona mezani pita, ule mkate wetu wa kukunjwa, wenye viazi ndani, akaridhika. Kisha jioni moja akasogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Mama, una mgeni?"

"Mgeni gani? Fadila ameshakwenda kwake."

"Huyo aliyekaa nyuma yako."

Rukija akageuka. Kwenye lile kochi refu la ukutani hapakuwa na mtu. Ila mto wa pembeni, pale alipokuwa akikaa Hasib, ulikuwa umebonyea.

"Ni kivuli cha pazia," alisema, akaukung'uta mto kwa ngumi. Mto ulikuwa na joto.

Tangu hapo ikaingia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na ilikuwepo hata jiko likiwa baridi. Ilikuja jua linapozama, adhana ya magharibi ikiwa bado inasikika kutoka msikitini, na wakati huohuo taa za kisanduku ziligeuka nyekundu chini ya kitambaa. Fadila, jirani yake ambaye hajawahi kuficha neno, alinusa akasema, "Mwenzangu, unachoma nini? Paka?" Rukija akamwambia ni bomba la moshi. Alisema uongo, naye alijua ni uongo, lakini hakutaka kumpa mtu sababu ya kumpigia Nedim simu.

Halafu kikaja kikohozi.

Hasib alikuwa na adabu za kizamani. Kabla hajaingia chumba chenye wanawake alikohoa kidogo mlangoni, ili wajue. Na jioni ile, Rukija akiwa anakunja nguo zilizokauka, alikisikia kikohozi kilekile nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kifupi, cha kusafisha koo, na moyo wake, badala ya kuogopa, ukaruka kwa furaha hata machozi yakamtoka, akaacha shuka likaanguka, akaenda mlangoni kama bibi harusi, akaweka mkono kwenye kitasa, akasema kwa sauti ndogo, "Hasib? Ni wewe?" na upande wa pili sauti ya Hasib, yenyewe hasa, pamoja na mkwaruzo wake wa tumbaku, ikamjibu kwa upole:

"Rukija. Nifungulie, Rukija."

Mkono wake ukaganda.

Maana Hasib, katika ndoa yao yote, hakuwahi kumwita kwa jina. Wanaume wa umri wake kwetu hawawaiti wake zao majina. Alikuwa "we mwanamke", alikuwa "mama Nedim", akiwa mgonjwa sana alikuwa "mpenzi", na hilo alilisema akiangalia ukutani kwa haya. Rukija hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mumewe.

Aliondoa mkono kwenye kitasa taratibu. "Audhubillahi," alinong'ona. Nyuma ya mlango kitu kikacheka kidogo kwa sauti ileile ya Hasib, halafu kitasa kikaanza kujizungusha chenyewe, kikazunguka polepole, kikarudi.

Alikimbilia kwa Fadila bila viatu. Huko ndiko simu ya Nedim ilikomkuta, na Nedim alikuwa analia, mtu mzima mwenye mvi.

"Mama, baba amenipigia. Imekuja kwenye video, picha ni nyeusi tupu, lakini sauti ni yake. Anasema nikutoe humo. Anasema, 'Mtoe mama yako, niachieni nyumba yangu.' Nakuja, mama. Jumamosi niko hapo. Funga mizigo, na usibishe safari hii."

Fadila anaapa kwamba alimwona Rukija rangi ikimtoka usoni, kisha akaiona ikirudi, tena nyekundu.

"Eti niachieni nyumba yangu," alisema Rukija. "Nyumba yake! Amechanganya zege lini, huyo mwanaharamu? Fadila, nipe viatu. Tunakwenda kwa nana Zumra."

Nana Zumra, yaani bibi Zumra, anakaa sehemu ya juu ya mtaa wetu, na yeye ndiye anayewamwagia risasi watu walioshikwa na hofu. Huyeyusha kipande cha ile metali laini ya kijivu, akaimimina kwenye bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa chako ukiwa umefunikwa kitambaa chekundu, huku akisoma. Anavuta sigara nyingi, na hana subira na wajinga. Alisikiliza hadithi yote, akauliza swali moja tu kuhusu kisanduku: kinafanya kazi gani? Rukija akamweleza kama Dario alivyomweleza.

"Kinaita jina," alirudia nana Zumra. "La maiti. Hata magharibi?"

"Hakipumziki, nana."

"We Rukija, una akili kweli? Mama yako alikuwa akikuitaje ndani jua likizama?"

Rukija akainamisha kichwa. Kila mtoto wa mtaa wetu anajua. Jua likizama mtoto haitwi kwa jina. Mama hutoka akamshika mkono. Maana ukiita saa ile, anayeitika si lazima awe uliyemwita.

"Basi umeita," alisema nana, "na kimeitika. Hakikuvunja mlango, kimekaribishwa. Risasi itaondoa hofu yako. Jina utalifuta wewe uliyelitoa, kwa mkono wako."

Wakampigia Dario. "Kwa nyuma kuna kitundu," alisema, akidhani wanataka kubadilisha neno la siri. "Ingiza kitu chembamba, bonyeza, usiachie mpaka taa zote zizime. Ukiachia mapema hakijasahau kitu. Na tafadhali, mama, ondoa kile kitambaa!"

Kesho yake waliingia nyumbani jua likiwa juu ya paa za ng'ambo. Nana alitaka iwe kabla ya magharibi, lakini risasi haikutaka kuyeyuka. Fadila alichochea jiko, kuni kavu zikafuka moshi bila moto, nana akatukana, na risasi ikabaki ngumu kwenye kijiko mpaka adhana ilipoanza. Ndipo ikalainika yote kwa mpigo.

Rukija alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa chekundu kichwani, kisanduku mapajani, na sindano yake ya ndoano mkononi. Harufu ya majivu ikajaa. Nana akamimina, maji yakalia chaa! juu ya kichwa chake, na papo hapo mlango wa chumba cha kulala ukafunguka.

"Anza," alisema nana kwa sauti ya chini. "Usigeuke."

Akaingiza mpini mwembamba wa sindano kwenye kitundu, akabonyeza, na nyuma yake hatua zikaanza kuja juu ya mbao, hatua nzito za mtu aliyefanya kazi siku nzima, zikapita kwa Fadila aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, zikasimama, na pumzi yenye tumbaku na majivu ikamgusa shingoni chini ya kitambaa, na sauti ile aliyolala nayo na kuamka nayo ujana wake wote ikamwambia kwa huzuni, "Ukilifuta hutanisikia tena, Rukija, utakaa humu peke yako na saa ya ukutani, nani atakukoholea mlangoni, nani atakaa na wewe," naye akalia, alilia kweli, maana kila neno lilikuwa kweli na kidole chake kilianza kulegea.

"Ni kweli," alisema. "Nitakuwa peke yangu. Na usiku nitamlilia Hasib wangu mpaka nichoke. Lakini yeye aliniita mwanamke, na jina langu wewe umeliokota kwenye bili ya umeme, mwizi mkubwa! Nimezaa humu, nimezika humu, na risiti za saruji ninazo. Toka wewe!"

Akabonyeza mpaka sindano ikapinda. Taa nyekundu ikapepesa, ikapepesa, ikazima. Kitu kikapiga kelele, si kwa sauti ya Hasib tena, kikapita dirishani, kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Kisha ukaja ubaridi wa kawaida wa vuli na harufu ya mkate kutoka kwa mwokaji.

Dario aliwaongoza kwa simu kukiwasha upya. "Vifaa vilivyojiunga?" aliuliza Rukija kwanza.

"Sifuri, mama. Hakuna mtu. Tukiite nani sasa?"

"Andika, Rukija yupo."

Nana Zumra akatoa sigara mdomoni. "Umesikia chochote nilichokuambia? Kitaita jina lako magharibi yote."

"Kiite. Mimi ni mzima. Kitakachoitika kitanikuta."

Baada ya hapo akampigia Nedim, kwenye video, uso wake ukiwa na masizi na kitambaa chekundu bado kichwani. Nedim alicheka mpaka akakohoa. Alisema nyuma ya mama sasa hapana mtu, kochi liko tupu, na moyo wake umetulia. Haji tena Jumamosi, nyumba ibaki. Rukija akafunga macho, akasema alhamdulillahi. Alikuwa ameshinda.

"Ila kuna kichekesho, mama," Nedim aliendelea. "Sasa hivi hapa jengoni pametokea waifai mpya. Haina hata neno la siri. Inaitwa Hasib. Nimeona kama baba ananisalimu, nikajiunga."

Fadila aliangusha kikombe.

Kwenye kioo cha simu, nyuma ya bega la Nedim, mlango wa jikoni kwake ulikuwa wazi nusu. Mtu akakohoa hapo, kifupi, kwa adabu.

"Nedim," alisema Rukija, "inuka. Usigeuke. Toka ukakae ngazini kwa majirani, simu iache humo humo. Na kwa simu yao nikatie tiketi ya basi la kesho."

"Basi? Mama, si ulisema utatoka humo umebebwa?"

"Sihami! Nakuja kazini." Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo. "Na wewe uliye mlangoni, umenisikia. Huyo ni mwanangu. Ningojee."

Asubuhi aliondoka na begi moja: risasi ya nana Zumra, kijiko, kitambaa chekundu, na sindano aliyoinyoosha kwa nyundo. Fadila alimsindikiza hadi kituoni akimlilia begani, akamuuliza nani atailinda nyumba, maana nyumba tupu hukaliwa.

"Nani kakwambia ni tupu? Kisanduku nimekiacha kinawaka," alisema Rukija, akapanda basi.

Bado hajarudi. Kila magharibi Fadila hupita chini ya dirisha lile lenye kioo kilichopasuka, anainua simu yake na kutazama. Na kila magharibi inaandika vilevile: RUKIJA YUPO.