Kijiti cha Horohoro na Bomba la Makorora

Mtaa wa Makorora ulikuwa ukiamka kwa kelele za madebe. Jua halijapanda, wanawake wamekwisha jipanga kisimani, kila mmoja na debe lake na kamba yake. Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi. Mvua zikinyesha, yaligeuka rangi kama chai ya maziwa. Lakini mengine hayakuwapo.

Bi Mwanasiti alikwenda kisimani kila siku. Alikuwa mtu mzima, magoti yamechoka. Kazi ile ilikuwa ya binti yake Chiku, mke wa Mwinyijuma. Masika yaliyopita Chiku aliugua tumbo, akafa. Bwana Afya alifika baada ya mazishi. Akachungulia kisima, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mpaka leo hajarudi.

Mwinyijuma alikuwa kuli bandarini. Tangu afiwe na mkewe hakuwa mtu wa kucheka. Alipopita Raskazone kwenye nyumba za wakubwa, alisimama kuona bomba likimwagia maua.

"Maua yao yanakunywa kuliko watu wetu," alisema kila aliporudi nyumbani.  Mama mkwe wake alimpa uji, naye akanywa.

Siku moja mpiga mbiu alipita mtaani na pembe yake.

"Mbio za kupokezana kijiti! Kutoka Horohoro mpaka Raskazone! Kila mtaa utoe watu wanne! Mtaa utakaoshinda, serikali itauwekea bomba la maji!"

Jioni ile marafiki wanne walikaa barazani kwa Mwinyijuma. Jumbe alikuwa fundi cherehani, mrefu, miguu kama korongo. Sleyum alikuwa mtoto wa duka la kona, babu zake walitoka Omani. Uweso alikuwa fundi baiskeli, na mzaha haukumtoka mdomoni. Wote wanne walizoea kukimbia pamoja tangu utoto.

"Wanatukimbiza kama punda," Mwinyijuma akasema. "Maji ya Mungu, kodi tumelipa sisi. Leo bomba limekuwa zawadi ya mchezo!"

"Basi usikimbie," Uweso akamwambia. "Kaa hapa uwatukane. Huenda maji yakatoka mdomoni mwako."

Sleyum akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwinyijuma hakucheka. Alimtazama Bi Mwanasiti akiingia uani na debe kichwani, mkono mmoja ukishika ukuta asianguke.

"Nitakimbia," akasema. "Lakini si kwa ajili yao."

Jumbe ndiye aliyekuwa kiongozi. Baba yake alikuwa tarishi zamani za Wadachi, akipeleka barua kwa miguu mpaka bara. Kwa hiyo habari za mbio ziliulizwa kwake.

"La kwanza ni bandama," Jumbe akasema. "Pwani yetu ina homa nyingi, na homa huvimbisha bandama. Mnajua wenyewe, mtu hupigwa ngumi moja ya ubavu, akafa. Kwa hiyo mkimbiaji hufunga tumbo kwa nguo, afunge sawasawa. La pili, maji. Siku ya mbio mtu asitie hata tone mdomoni. Maji yakitikisika tumboni hupiga bandama, nayo hupasuka."

"Baba yako alikuwa hanywi?" Sleyum akauliza.

"Hanywi mpaka barua ifike."

"Ndiyo maana barua zilifika mbio," Uweso akasema. "Tarishi anakimbilia mtungi!"

"Usifanye mzaha na bandama, Uweso."

Wakafuata. Walikimbia mazoezi bila maji, matumbo yamebanwa. Mwinyijuma hakuwa na nguo ya kufaa. Bi Mwanasiti akafungua sanduku, akatoa kanga ya marehemu Chiku.

"Chukua hii, mwanangu," akasema. "Na yeye akimbie."

Mbio ziliwekwa mwezi wa Februari, wakati jua la Tanga halina huruma. Na saa iliyowekwa ilikuwa saa nne ya asubuhi. Kwa nini isiwe alfajiri? Kwa sababu wakubwa wa kamati walikuwa na wageni, na wageni lazima wamalize chai yao. Mkimbiaji hakuulizwa.

Jumbe alianza Horohoro, huko mpakani. Angempa Sleyum kijiti, Sleyum ampe Uweso, Uweso ampe Mwinyijuma pale Amboni. Mwinyijuma angemaliza Raskazone.

Mwinyijuma alisimama Amboni kando ya mashamba ya mkonge. Koo lilikuwa limekauka kama gamba. Kanga ilimbana mpaka pumzi haikushuka. Watu walikuwa wengi, na miongoni mwao alikuwapo Nesi Dorkasi. Huyu alikuwa Mbondei, aliyepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwa Mwinyijuma. Alikuwa na mapumziko siku ile, akaja kushangilia mtaa wake.

"Makorora wa kwanza! Makorora!" watu wakapiga kelele.

Uweso alitokea kwenye vumbi. Ni kweli, alikuwa peke yake mbele. Lakini alikimbia upande upande, kama mtu aliyesukumwa. Alipofika hakumtazama Mwinyijuma. Aliuendea mti wa mkonge, akaunyoshea kijiti.

"Shika, Mwinyijuma," akauambia mti. "Mbona hushiki?"

Watu wakacheka. Walijua Uweso ni mtu wa mzaha. Mwinyijuma naye alidhani hivyo, mpaka alipomshika mkono. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, haina jasho hata kidogo. Uweso akaanguka.

Mwamuzi wa kamati alikuwa ndani ya motokari, kofia kichwani. Akapiga filimbi.

"Wewe! Okota kijiti ukimbie! Mnapoteza nafasi!"

Mwinyijuma akakiokota. Kijiti kilikuwa mkononi mwake. Mbele yake kulikuwa na barabara tupu, na mwisho wa barabara bomba. Akamfikiria Bi Mwanasiti na ule mkono unaoshika ukuta. Kisha akamtazama Uweso, macho yamegeuka meupe.

Akakitupa kijiti vumbini.

"Nesi!" akaita. "Nesi Dorkasi, anakufa huyu!"

Dorkasi alikwisha fika. "Mbebeni, mumtie kivulini," akasema. "Mvueni shati. Nani amemfunga tumbo hivi? Fungua! Leteni maji upesi!"

"Maji yatamwua!" mtu mmoja akasema. "Bandama yake!"

"Sijasema mumpe mdomoni. Mtu asiye na fahamu hapewi kitu mdomoni, kitampalia. Mmwagieni mwilini. Nataka nguo ya kulowesha."

Mwinyijuma akaifungua kanga ya Chiku kiunoni. Wakailowesha, wakamfunika Uweso kifuani. Dorkasi akampepea kwa ungo wa muuza samaki. Wakamwagia tena, wakapepea tena. Nyayo za wakimbiaji wa mitaa mingine zilipita barabarani, moja baada ya nyingine. Mwinyijuma alizisikia, hakugeuka.

Hatimaye Uweso akafumbua macho.

"Mkonge ule," akasema kwa sauti ndogo, "umeshinda?"

Mwinyijuma akalia, hakuona haya.

"Sasa ana fahamu," Dorkasi akasema. "Mpeni maji, kidogo kidogo. Kisha tumpeleke hospitali."

Uweso alilala hospitali, akapona. Katika kamati hakuna aliyekuja kumjulia hali. Walileta salamu tu, kwamba timu ya Makorora imekosa adabu, imetupa kijiti cha serikali barabarani. Bomba likaenda mtaa mwingine. Bi Mwanasiti akaendelea na debe lake.

"Umeona?" Mwinyijuma akamwambia Dorkasi. "Mtu kidogo afe, wao wanahesabu kijiti."

"Nimeona," Dorkasi akajibu. "Saa ile wameiweka wao, na ni kosa lao. Lakini tumbo mlilifunga wenyewe, na maji mlijinyima wenyewe. Saa siwezi kuibadili. Haya mengine tunaweza. Nikutanishe na wenzako."

Wakakutana kwa Uweso. Jumbe alikuja mwisho, amenuna.

"Homa huvimbisha bandama, hilo ni kweli," Dorkasi akaanza. "Na pigo linaweza kuipasua, hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo mwenye homa asikimbie, apate dawa kwanza. Lakini maji unayokunywa hayapigi bandama. Yana njia yake. Mtu akikimbia mwili huwaka moto, na jasho ndilo linalouzima. Jasho latoka wapi? Katika maji aliyokunywa. Maji yakiisha, jasho linaweza kukatika, na moto unabaki ndani. Ndiyo yaliyompata Uweso."

"Nilikuwa chungu kilichokauka jikoni," Uweso akasema.

"Ndivyo. Na ile nguo ilibana pumzi, ikazuia upepo. Nanyi mlikuwa mkimwona anayumba?"

"Nilipompa kijiti alikuwa mzima," Sleyum akajibu.

"Basi zijueni dalili. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, maneno hayana maana. Ukiona moja, simama. Kaa kivulini, jimwagie maji, unywe. Usingoje uanguke."

Jumbe akainua uso. "Kwa hiyo baba yangu alikuwa mjinga?"



"Sikusema hivyo, kaka," Dorkasi akajibu taratibu. "Wewe ulimwona akikimbia?"

"Nilikuwa mdogo. Alinisimulia."

"Alikwenda saa ngapi?"

"Alfajiri. Jua likikaza alilala chini ya miti."

"Na mkononi alichukua nini?"

Jumbe akafikiri. "Mkuki. Na mfuko wa barua. Na kibuyu." Akakoma. "Kile kibuyu mpaka leo kimetundikwa kwangu. Mimi siku zote nilidhani ni cha asali."

Uweso akaanza kucheka. Sleyum akafuata. Mwisho Jumbe mwenyewe akacheka, akijipiga paji la uso.

"Mzee alininyima habari ya maji," akasema. "Alitaka nimwone shujaa!"

Toka siku ile walikimbia alfajiri. Walikunywa kabla ya kuanza, wakanywa kidogo kidogo njiani. Dorkasi aliwafundisha kutia katika maji ya kunywa chumvi kidogo, sukari na ndimu. Maji yenyewe waliyachemsha kwanza, kwa kuwa kisima ni kile kile. Matumbo hayakufungwa tena.

Mwaka wa pili mpiga mbiu akapita na maneno yale yale. Mwinyijuma na Dorkasi wakaenda kwa karani wa kamati.

"Tunaomba mbio zianze alfajiri," Mwinyijuma akasema. "Na mitungi ya maji iwekwe njiani. Mwaka jana mtu nusura afe."

Karani hakuinua macho. "Wageni watafika saa nne. Na haya ni mashindano ya nguvu, si karamu. Mkimbiaji akipewa kitu njiani na mtu yeyote, timu yake inatolewa."

Mwinyijuma alitaka kumrukia. Dorkasi akamvuta kanzu.

"Akipewa," Dorkasi akauliza. "Akiwa na chake?"

"Chake ni chake," karani akasema, akiwapungia mkono watoke.

Basi siku ya mbio Jumbe alianza Horohoro na kibuyu cha baba yake mgongoni. Mitaa mingine ilimcheka. "Tarishi! Barua yetu iko wapi?"  Jumbe alikimbia, akapiga funda, akakimbia. Kila mmoja wao alichukua chupa yake au kibuyu chake, na wakati wa kungoja kijiti alikaa kivulini. Jua lilikuwa lile lile, na vumbi lile lile. Katikati ya safari, waliokuwa wakicheka walianza kuyumba.

Amboni, Uweso alitokea akikimbia moja kwa moja, jasho likimchuruzika.

"Shika!" akapiga kelele. "Leo nakuona wewe, sioni mkonge!"

Mwinyijuma akapokea kijiti. Kanga ya Chiku ilikuwa begani, imefunga chupa yake. Mbele yake alikuwapo mkimbiaji mmoja. Alimkuta kwenye daraja, amesimama, ameshika magoti. Mwinyijuma naye akasimama, akamnyoshea chupa yake.

"Kunywa kidogo. Kaa kivulini."

"Ukinipa, nitatolewa," yule akasema, midomo imekauka.

"Utatolewa hai. Kunywa, ndugu yangu."

Yule kijana akanywa, akaketi kivulini chini ya daraja. Mwinyijuma akachukua chupa, akaendelea.

Raskazone wakubwa walikaa chini ya turubai, na barafu inalia ndani ya bilauri zao. Mwinyijuma aliingia wa kwanza. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, akampa mkono, akamwuliza kama amefurahi.

"Bwana," Mwinyijuma akasema, "nyuma yangu kuna mtu amekaa chini ya daraja. Mpelekeeni gari. Na mtaa wake umekimbia kama wetu. Nao wana kiu."

Bwana Shauri akatabasamu, akamgeukia mgeni wake. Gari lilipelekwa, lakini Dorkasi, aliyekuwa akingoja pale, ndiye aliyelipigia kelele mpaka likaondoka.

Bomba la Makorora lilikuja baada ya masika mengine kupita. Siku ya kulifungua palikuwa na bendera na hotuba ndefu. Mkubwa mmoja alisema serikali inawapenda watu wake. Watu wakapiga makofi. Mwinyijuma hakupiga.

Wakubwa walipoondoka, Bi Mwanasiti alisogea na debe lake. Kanga ya marehemu binti yake alikuwa ameikunja kata ya kubebea debe, ameiweka kichwani. Maji yakatoka, meupe, hayana chumvi. Mama yule akatazama tu.

Mwinyijuma akakinga kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama."

"Sina kiu, mwanangu. Acha nijaze debe kwanza."

"Usingoje kiu, mama," Mwinyijuma akasema. "Tumengoja vya kutosha."

Bi Mwanasiti akapokea kikombe, akanywa.